Kihausa kwa Msomaji wa Kiswahili: Pa Kuanzia na pa Kujihadhari

Msemaji wa Kiswahili anayeamua kujifunza Kihausa huanza akiwa na mtaji ambao hakuutafuta, kwa kuwa lugha hizi mbili, ingawa hazina nasaba moja, zimechota maneno mengi katika kisima kimoja cha Kiarabu, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi, na zote ni lugha za masoko na miji, zinazosemwa pia na mamilioni ya watu ambao nyumbani kwao husemwa lugha nyingine. Mtaji huo ni wa kweli, lakini ndio huohuo unaowapoteza wanafunzi wengi. Mtu akikuta labari, lafiya na duniya katika ukurasa wa kwanza hujiona amekwisha fika, kumbe mambo yanayobeba maana katika lugha hii, yaani toni, urefu wa irabu, jinsia ya nomino na viwakilishi vinavyoonyesha wakati, bado hajayagusa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ulio kinyume cha ule uliozoeleka: sikio kwanza, viwakilishi baada yake, msamiati mwisho.

Kihausa kimo katika tawi la Kichadi, ambalo limepewa jina la Ziwa Chadi, na tawi hilo ni sehemu ya familia kubwa ya lugha za Kiafrika na Kiasia inayojumuisha Kiarabu, Kiamhari, Kisomali na Kiberberi. Makao yake makuu ni kaskazini mwa Nigeria, katika miji kama Kano, Katsina, Zaria na Sokoto, na kusini mwa Niger, hasa Maradi na Zinder. Nje ya hapo husikika sana katika mitaa ya wahamiaji iitwayo zongo nchini Ghana, na pia Kamerun, Chadi, Benin na Sudan. Katiba ya Nigeria ya mwaka 1999 inaitaja miongoni mwa lugha tatu za nchi hiyo zinazoweza kutumika katika Bunge la Taifa pamoja na Kiingereza, na mwaka 2025 Niger iliitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwanamume Mhausa huitwa Bahaushe, mwanamke Bahaushiya, na watu kwa wingi wao Hausawa. Majina ya lugha na lahaja huishia kwa -anci au -ci, hivyo Kiingereza ni Turanci, Kiarabu ni Larabci, na lahaja ya Kano ni Kananci. Lahaja hiyo ya Kano ndiyo msingi wa Kihausa sanifu, kama vile Kiunguja kilivyo msingi wa Kiswahili sanifu, na mwanafunzi anashauriwa kuishika hiyo kwanza kabla ya kuchungulia Sakkwatanci ya Sokoto au lahaja za Niger.

Sikio kwanza

Herufi za Kihausa zinasomeka kwa urahisi, mradi ikumbukwe kwamba herufi c hutamkwa kama ch ya Kiswahili. Zipo hata hivyo herufi nne zisizokuwamo katika Kiswahili, nazo ni ɓ, ɗ, ƙ na 'y, ambayo Niger huandikwa ƴ. Sauti ɓ na ɗ hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo badala ya kuisukuma nje, na vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu huzitaja kuwa kikwazo kikubwa. Kwa msemaji wa Kiswahili hali ni tofauti kabisa, kwa sababu b ya baba na d ya dada, katika vinywa vya wasemaji wengi na hasa wa pwani, tayari hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani. Ugumu wake umo upande wa pili: b na d za kawaida za Kihausa ndizo zinazomshinda, naye huzigeuza zote kuwa ɓ na ɗ bila kujua. Dawa ni kutamka neno mbuzi au ndugu polepole, kusikiliza jinsi b na d zinavyotoka zikitanguliwa na m au n, kisha kuiondoa hiyo m au n na kubakiza sauti iliyofuata. Sauti hiyo ndiyo b au d ya kawaida ya Kihausa.

Sauti ƙ haina msaada wa aina hiyo katika Kiswahili na lazima ijengwe upya. Pumzi huzibwa kooni kwa kufumba njia ya hewa, k hutengenezwa mdomoni huku koo likiwa bado limefungwa, kisha huachiwa na kutoa mlio mkavu unaofanana na kupasuka kwa kijiti. Ts nayo hutamkwa vivyo hivyo. Tofauti hii si pambo, kwani ƙasa ni ardhi au nchi ilhali kasa ni kushindwa, na ƙara ni kuongeza ilhali kara ni bua la nafaka. Kadhalika 'ya ni binti, lakini ya isiyo na alama hiyo ni kiwakilishi cha mwanamume aliyetenda jambo. Katika ujumbe wa simu, na hata katika baadhi ya magazeti, waandishi huacha vikulabu vya herufi hizi na kuandika k, b na d tupu, kwa hiyo msomaji aliyejifunza neno kwa macho tu, bila kulisikia, hubaki akibahatisha.

Mzigo mzito zaidi hauandikwi kabisa. Kihausa kina toni mbili, ya juu na ya chini, pamoja na toni inayoshuka ndani ya silabi moja; vilevile kila irabu huwa fupi au ndefu, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi lolote kati ya hayo. Vitabu vya mafunzo huweka alama ya mshazari juu ya irabu yenye toni ya chini, kofia juu ya toni inayoshuka, na kuiacha toni ya juu bila alama, huku irabu ndefu ikiandikwa mara mbili au kupigiwa mstari juu. Neno suna linatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Likisomwa suunaa, yaani irabu zote ndefu na toni zote za juu, maana yake ni jina. Likisomwa sunàa, yaani u fupi na toni inayoshuka kutoka silabi ya kwanza hadi ya pili, ni kiwakilishi cha watu walio katika tendo. Kai kwa toni ya juu ni wewe (mwanamume), na kâi kwa toni inayoshuka ni kichwa. Gari yenye a fupi katika silabi ya kwanza ni mji, yenye a ndefu ni unga, na kwa vyovyote si chombo cha magurudumu, ambacho Kihausa hukiita mota. Fasa yenye a fupi ni kuvunja kitu kikapasuka, yenye a ndefu ni kuahirisha.

Kosa la kawaida la msemaji wa Kiswahili hapa ni kuhamisha mkazo. Kiswahili huiinua silabi ya pili kutoka mwisho katika karibu kila neno, na mazoea hayo yakipelekwa katika Kihausa huzaa toni za uongo ambazo msikilizaji wa Kano huzichukulia kuwa za kweli. Zoezi linalofaa ni kupiga neno kwa mluzi kabla ya kulitamka, mara nyingi kadiri inavyohitajika, hadi umbo la sauti likae peke yake bila msaada wa konsonanti. Yeyote atakayeona zoezi hili ni la kitoto na kuliruka atalirudia baada ya mwaka mmoja, akiwa na makosa mengi ya kufuta.

Viwakilishi vinavyobeba wakati

Katika Kiswahili mtendaji, wakati na tendo hufungwa ndani ya neno moja, kama katika nilikwenda. Kihausa huvitenga: kitenzi hubaki kama kilivyo, na mbele yake huwekwa neno fupi linalomtaja mtendaji na kuonyesha wakati kwa pamoja. Tendo lililokamilika husemwa na tafi (nimekwenda), ka tafi (umekwenda, kwa mwanamume), kin tafi (umekwenda, kwa mwanamke), ya tafi (amekwenda, mwanamume), ta tafi (amekwenda, mwanamke), mun tafi, kun tafi na sun tafi. Tendo linaloendelea hutumia ina, kana, kina, yana, tana, muna, kuna na suna. Wakati ujao hutumia zan, za ka, za ki, zai, za ta, za mu, za ku na za su. Upo pia mtendaji asiyetajwa, an, ana au za a, ambaye kazi yake hukaribiana na ile ya kauli ya kutendwa: an gina gida maana yake ni kwamba nyumba imejengwa, bila kusema na nani.

Jedwali hili ni uti wa mgongo wa lugha nzima na linastahili kukaririwa kabla ya orodha yoyote ya maneno. Katika tendo linaloendelea kitenzi hugeuka kuwa nomino ya tendo, hivyo na zo ni nimekuja lakini ina zuwa ni ninakuja, jambo lisilo geni kwa mtu ambaye katika neno ninakuja mwenyewe hubakiza ku- ya kitenzi-jina. Ukanushi huzingira sentensi kwa ba mbili, ban zo ba (sikuja), ba su zo ba (hawakuja), isipokuwa katika tendo linaloendelea ambako ba moja yatosha: ba na zuwa (siji). Ba ya pili husahauliwa na karibu kila mwanafunzi katika miezi ya mwanzo, hasa sentensi inapokuwa ndefu.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vidogo hulificha mwishoni, nalo linapaswa kujulikana mapema. Swali linapoanza kwa neno la kuuliza, au sentensi inapotilia mkazo mhusika fulani, viwakilishi hubadilika: sun zo ni wamekuja, lakini walikuja lini ni yaushe suka zo, na ni wao waliokuja ni su ne suka zo. Vivyo hivyo kana hugeuka kake katika me kake yi (unafanya nini). Anayesema yaushe sun zo hueleweka, lakini hujulikana papo hapo kuwa mgeni.

Jinsia na wingi

Kiswahili kina ngeli nyingi. Kihausa kina jinsia mbili tu katika umoja, ya kiume na ya kike, ambazo hupotea katika wingi. Nomino nyingi zinazoishia kwa -a ni za kike, kama mota, hanya (njia), kasuwa (soko) na rana (jua), lakini gida (nyumba), ruwa (maji), nama (nyama) na wata (mwezi) ni za kiume licha ya a zao, na hizi lazima zishikwe moja moja. Mzoefu wa ngeli hupata afueni katika upatanisho, kwa sababu kiunganishi cha umilikaji cha Kihausa, kama kile cha Kiswahili, hufuata kitu kinachomilikiwa: gidan sarki ni nyumba ya mfalme, kwa -n ya kiume, na motar sarki ni gari la mfalme, kwa -r ya kike. Kanuni hiyohiyo hutawala sifa zinazotangulia nomino, kama farin gida (nyumba nyeupe) na farar mota (gari jeupe). Kwa mwanamume sentensi mimi ni mwalimu ni ni malami ne, na kwa mwanamke ni ni malama ce, ambamo ni ya Kihausa ndiyo mimi, na ne au ce ndiyo ni ya Kiswahili.

Wingi hauna njia ya mkato. Gida huwa gidaje, mota huwa motoci, doki (farasi) huwa dawakai, sarki huwa sarakuna, littafi (kitabu) huwa littattafai. Kila nomino iandikwe daftarini pamoja na jinsia yake na wingi wake.

Vitenzi vinavyoelekea na kula kunakofanana

Mwanaisimu F. W. Parsons alivipanga vitenzi vya Kihausa, mwaka 1960, katika madaraja saba kulingana na mwisho na toni zake, na mpangilio huo bado ndio unaotumika vitabuni. Mwanafunzi wa mwanzo hahitaji yote saba, ila mawili yatamfaa tangu siku ya kwanza. Daraja linaloishia kwa -o huonyesha tendo linaloelekea kwa msemaji: shiga ni kuingia, shigo ni kuingia huku aliko msemaji, fita ni kutoka, fito ni kutoka kuja huku, saya ni kununua, sayo ni kununua na kuleta. Mwenye nyumba akisikia hodi hujibu shigo, kamwe si shiga, maana yeye yumo ndani. Daraja linaloishia kwa -ar hugeuza tendo liende kwa mwingine, hivyo sayar ni kuuza, kama Kiswahili kinavyopata kuazimisha kutokana na kuazima.

Katika semi, hata hivyo, lugha hizi mbili hukaribiana kuliko sarufi zao zinavyoashiria. Kihausa hula, kwa kitenzi ci, vitu visivyo chakula: cin hanci ni kula rushwa, cin bashi ni kukopa, cin nasara ni kupata ushindi. Hunywa pia, kwa kitenzi sha, visivyo kinywaji: shan taba ni kuvuta tumbaku na shan wahala ni kupata taabu. Ji, yaani kusikia, hufanya kazi ileile inayofanywa na kusikia kwa Waswahili, kwa kuwa ina jin yunwa ni nasikia njaa, na ina jin Hausa ni nafahamu Kihausa, matumizi ambayo msemaji wa Kiswahili cha Kongo hatayashangaa. Kwa rangi, penye nyeupe pe na nyeusi ti, Mhausa husema fari fat na baƙi ƙirin, na nyekundu sana ni ja wur.

Maneno ya mkopo na marafiki wa uongo

Siri ya kuyatambua maneno ya Kiarabu ndani ya Kihausa ni herufi l. Wahausa waliyapokea mengi pamoja na kibainishi chake al-, ilhali Waswahili kwa kawaida walikiacha, hivyo ukiondoa l hiyo sura inayofahamika hujitokeza: labari ni habari, lokaci ni wakati, lissafi ni hesabu, alkalami ni kalamu, alkali ni kadhi, na lafiya ni jamaa wa afya. Makumi yanafanana kiasi cha kutohitaji somo: ashirin, talatin, arba'in, hamsin, sittin, saba'in, tamanin, casa'in. Namba ndogo ni za Kihausa chenyewe, ɗaya, biyu, uku, huɗu, biyar, shida, bakwai, takwas, tara na goma.

Shida, basi, ni sita, na muuzaji anayeitamka halalamiki. Babu ni hakuna, kaka ni babu au bibi, yaya ni ndugu mkubwa au swali la namna gani, dawa ni mtama, kula ni kuangalia kwa makini, na kuna ni ninyi mlio katika tendo. Maneno haya hujifunzwa vizuri zaidi yakiandikwa pamoja katika ukurasa mmoja, kwani ubongo wa msemaji wa Kiswahili hautakoma kuyatafsiri kwa njia ya zamani mpaka uzuiwe kwa makusudi.

Salamu na soko

Salamu za Kihausa ni ndefu na haziharakishwi. Asubuhi huulizwa ina kwana, hujibiwa lafiya lau. Mchana huulizwa ina wuni. Kisha hufuata habari za nyumbani (ina gida), za kazi (ina aiki) na za uchovu (ina gajiya), ambayo jibu lake ni ba gajiya, hata kama mhusika amechoka. Anayepita karibu na mtu anayefanya kazi humwambia sannu da aiki, ambayo ndiyo pole na kazi, na anayefika hupokewa kwa sannu da zuwa. Kihausa hakina neno moja lenye kazi ya shikamoo. Heshima huonyeshwa kwa mdogo kuchutama au kuinama anaposalimu, na kwa maneno kama ranka ya daɗe, yaani umri wako uwe mrefu, ambayo kwa mwanamke huwa ranki ya daɗe. Mtu asiyefahamika kwa jina huitwa Malam au Malama, neno lililotoka katika asili moja na mwalimu, na mwenye umri na mali mara nyingi huitwa Alhaji au Hajiya.

Katika soko la Kurmi mjini Kano, au lolote lingine, mnunuzi huuliza nawa ne (bei gani), hutajiwa bei, naye hutaja yake iliyo chini zaidi. Muuzaji akijibu albarka, mgeni mwenye Kiswahili hudhani amebarikiwa na kutoa fedha, kumbe neno hilo sokoni ni namna ya adabu ya kukataa bei iliyotajwa, na maana yake ni kwamba mnunuzi aongeze kidogo.

Vifaa vya kujifunzia

Msemaji wa Kiswahili ana nafasi moja ambayo haipaswi kupotezwa. BBC ilianza matangazo ya Kihausa na ya Kiswahili katika mwaka mmoja, 1957, na hadi leo BBC, DW ya Ujerumani na RFI ya Ufaransa zina idhaa za lugha zote mbili, ambazo mara nyingi husimulia matukio yaleyale ya siku. Habari za Kiswahili zisikilizwe kwanza, kisha za Kihausa, kwa kuwa anayejua tayari kilichotokea husikia toni badala ya kuhangaika na maana. Filamu za Kano, zijulikanazo kwa jina la Kannywood, zinafaa baadaye, kwani mazungumzo yake huenda kasi.

Kwa kusoma, gazeti la Gaskiya Ta Fi Kwabo, lililoanzishwa mwaka 1939 na ambalo jina lake husema kwamba ukweli ni bora kuliko kobo, lilichangia sana kuunda nathari ya Kihausa chini ya mhariri wake Abubakar Imam, na hadithi za mwandishi huyo katika Magana Jari Ce bado husomwa. Shaihu Umar, riwaya fupi ya Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Nigeria, ina sentensi safi zinazomfaa msomaji wa mwaka wa pili. Miongoni mwa kamusi, ile ya G. P. Bargery ya mwaka 1934 ni ya zamani lakini ni pana na huonyesha toni. Kamusun Hausa ya Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, ya mwaka 2006, hufafanua Kihausa kwa Kihausa. Sarufi kubwa ya Paul Newman, iliyotoka mwaka 2000, ni ya kurejelea, si ya kusomwa mfululizo.

Vitabu vya kujifunzia ni vingi na ubora wake hutofautiana, lakini kipimo chake ni chepesi: kabla ya kulipa, kitabu kifunguliwe palipo na neno suna, na iwapo hakionyeshi kwa alama yoyote tofauti kati ya jina na wao walio katika tendo, kirudishwe rafuni.